Pete Inayoshika Gurudumu

Historia ya utalii wa Arusha imeandikwa mara nyingi, na wanaotajwa ni wale wale. Anatajwa Bernhard Grzimek na mwanawe Michael, aliyekufa kwa ajali ya ndege Januari 1959 wakati wakiwahesabu wanyama wa Serengeti. Inatajwa filamu ya Hatari!, iliyopigwa Momella chini ya Mlima Meru na kutoka mwaka 1962, John Wayne akiwa ndani yake. Zinatajwa hoteli, unatajwa mnara wa saa. Mimi nataka itajwe kola.

Kola ninayoisema ni pete ya chuma cha pua ambayo upana wake hauzidi wa kidole gumba. Inakaa kwenye hafushafti ya nyuma ya Toyota Hilux, ile shafti inayozungusha gurudumu, upande wa ndani wa beringi, imeigusa kabisa. Haina nati, haina pini, haina meno. Kinachoishika ni mbano peke yake: tundu lake limechongwa dogo kuliko shafti inayopita ndani yake, kwa tofauti isiyofika unene wa unywele, kisha likasukumwa kwa presi ya tani nyingi mpaka likaingia. Kola hiyo ndiyo inayoizuia hafushafti isichomoke kwenye mhimili. Ikiteleza, gurudumu linatoka pamoja na ngoma ya breki na hafushafti yake, na gari linakaa chini upande mmoja likiwa mwendoni, abiria wakiwa ndani.

Kazi yangu ni presi na kukereza chuma, pale Unga Limited, mtaa uliochukua jina la kampuni ya unga na ambao leo watu wanaujua kwa gereji. Nimezaliwa Akeri, kwa Wameru. Kazi nilifundishwa na mzee ambaye naye alifundishwa na Singasinga, na mengi nitakayoeleza kuhusu mkono, moto na nyundo yametoka kwa hao wawili.

Mbano haukuletwa Meru na Toyota. Ulikuja na magurudumu ya mbao. Kuanzia mwaka 1904 Makaburu waliotoka Afrika Kusini, baada ya kushindwa vita na Waingereza, walipewa ardhi na serikali ya Wajerumani kuuzunguka mlima, sehemu za Oldonyo Sambu na Engare Nanyuki. Walikuja na magari ya kukokotwa na maksai. Reli ilifika Moshi mwaka 1911 na ikachukua mpaka 1929 kufika Arusha, kwa hiyo kwa miaka mingi mizigo ya mji huu ilipita kwenye vumbi na tope juu ya magurudumu ya aina hiyo, mpaka malori yalipoanza kuchukua nafasi.

Tairi la gari la maksai ni mkanda wa chuma. Mhunzi hupima mzunguko wa gurudumu la mbao, akaunga mkanda uwe mdogo kidogo kuliko gurudumu, akaulaza ndani ya moto wa duara. Ukishapanuka anaushusha juu ya mbao, anaugonga pande zote ukae sawa, halafu anamwaga maji. Chuma kinanywea, viungo vya mbao vinabanana, na gurudumu linakuwa kitu kimoja. Wahunzi wa Kimaasai, ilkunono, na wale wa Kichaga waliowafulia Wamaasai mikuki, walikuwa wakiujua moto na chuma kabla Kaburu yeyote hajafika hapa. Kwa hiyo siwezi kukubali maneno kwamba ufundi huu tuliletewa ukiwa mzima ndani ya boksi la spea. Watu wa mlima huu waliuona mbano ukifanywa na moto, na waliokuwa na jicho la chuma waliuelewa.

Waliokuja kuuleta kwa vipimo ni Masingasinga. Wengi wa mafundi wa chuma na mbao walioletwa kutoka Punjab kwa ajili ya reli ya Mombasa kwenda Ziwa Victoria, iliyojengwa kati ya 1896 na 1901, walikuwa wa ukoo wa kazi, baba na mwana. Reli ilipokwisha walibaki, wengine wakafuatwa na ndugu zao, wakatawanyika mijini: Nairobi, Moshi, Arusha. Mzee wangu alianza kwa mmoja wao akiwa kibarua wa kuzungusha feni ya tanuri. Alisema mwaka wa kwanza hakuruhusiwa kushika kifaa chenye alama za namba. Alishika tupa, msasa na ufagio. Siku alipopewa mikromita, tajiri alimwekea unywele mmoja aliouchomoa kichwani mwa mtoto wa gereji, akamwambia apime, apime tena, apime mpaka apate jibu lile lile mara zote. Mimi pia alinianzisha hivyo, na vijana wangu nawaanzisha hivyo. Unywele wa mtu ni kama mia saba za milimita, zaidi au pungufu kidogo; sisi tukisema mia tunamaanisha sehemu moja ya mia ya milimita. Beringi ya hafushafti inahitaji kubanwa kwa mia mbili mpaka mia tano hivi. Asiyeuona unywele kwenye mikromita hana cha kufanya kwenye presi.

Kisha ikaja Land Rover, na Arusha ikawa mji wake. Ilizinduliwa Amsterdam Aprili 1948. Miaka mitatu baadaye Serengeti ilitangazwa hifadhi ya taifa, na Ngorongoro ikatengwa mwaka 1959. Serikali ya kikoloni, wawindaji, wakamataji wa wanyama hai, walinzi wa hifadhi, mapadri, baadaye makatibu wa chama na maofisa wa wilaya, wote walipanda gari moja. Watu husema waliipenda kwa sababu ya bodi yake ya alumini isiyoshika kutu. Sisi wa chini ya gari tunajua sababu nyingine.

Mhimili wa nyuma wa zile Land Rover ndefu, 109 na wenzake, umeundwa ili hafushafti isibebe uzito wowote. Habu inazunguka juu ya beringi mbili za rola zilizochongoka, na beringi hizo zimekaa kwenye stabu ekseli, bomba nene lililofungwa kwenye mwisho wa mhimili. Uzito wa gari, abiria, mizigo ya kambi na maji unaishia kwenye bomba. Hafushafti inapita katikati yake ikifanya kazi moja tu, kuzungusha. Ikikatika, gurudumu haliendi popote. Dereva anafungua bolti za flenji, anavuta kipande kilichovunjika, anaingia ndani, anakandamiza kijiti chenye kichwa cha njano ili magurudumu ya mbele yashike, na anarudi nyumbani kwa kuvutwa na mbele. Na zilikatika kweli. Zile za meno 10 zilikuwa dhaifu kwenye meno yenyewe. Ukiichomoa unakuta meno yamejipinda kabla hata chuma hakijakatika, maana chuma kilikuwa kimeshachoka kitambo. Lakini hakuna aliyekufa kwa hafushafti ya 109 kukatika Olduvai. Alichelewa tu.

Hata hivyo Land Rover ilikuwa na kola yake, na hiyo ndiyo iliyowafundisha mafundi wa mji huu kazi. Kwenye stabu ekseli, nyuma ya beringi ya ndani, kuna pete iliyoingizwa kwa kubana, ambayo mdomo wa sili ya oili unazunguka juu yake. Vumbi la Ndutu na Natron, lile lenye magadi, linaingia kwenye mdomo wa sili na kuukata mfereji kwenye pete. Mfereji ukishakuwepo, sili mpya haisaidii. Oili inapita, inaingia kwenye breki, na gari linashuka kreta likiwa na breki upande mmoja. Dawa ni kuitoa pete. Huivuti. Unaikata kwa tindo kwa uangalifu, kwa mstari mmoja, mpaka ipasuke na kuachia, bila kuugusa mwili wa stabu ekseli. Pete mpya unaipasha moto na kuiingiza kwa bomba lililokatwa sawa mdomoni. Nyundo ilitosha. Presi ilikuwepo kwenye karakana chache, na wengi waliweza kuishi bila kuiona.

Miaka ya 1970 iliugeuza mji huu kuwa mji wa kuchonga. Sheria ya mwaka 1971 ya kuchukua majengo iliwafanya Waasia wengi wahame, na mashine zao zikabaki mikononi mwa waliokuwa vibarua wao. General Tyre ilianza kutengeneza matairi hapa Arusha mwaka huo huo. SIDO, shirika la viwanda vidogo, iliundwa mwaka 1973. Chuo cha Ufundi Arusha kilijengwa kwa ushirikiano na Wajerumani na kufunguliwa mwaka 1978, na TEMDO, taasisi ya usanifu wa mitambo, ikaja mwaka 1980. Mtu anaweza kusema hizo ni taasisi za makaratasi. Mimi nasema kila moja ilimwaga mtaani watu waliojua kusoma mchoro na kupima.

Na tulihitaji watu hao, kwa sababu Februari 1977 mpaka na Kenya ulifungwa. Magari ya watalii ya kutoka Nairobi yaliyokutwa upande wetu yalizuiwa, na spea zilizozoea kuja kwa njia ya Namanga zikakoma. Ikafuata vita ya Uganda, ikafuata mafuta kupanda, fedha za kigeni zikakauka. Mpaka ulifunguliwa tena mwishoni mwa 1983. Katikati hapo pete ya Land Rover haikuwa kitu cha kununua. Ilikuwa kitu cha kuchonga. Tulichonga kutoka kwenye shafti za malori chakavu, kwenye pini za magreda, kwenye chuma chochote ambacho tupa ilikikataa, maana tupa ikiteleza juu ya chuma bila kukila unajua hicho ni kigumu. Beringi zilizochakaa zilifunguliwa, rola zikapangwa upya, nzuri kwa nzuri. Nimewahi kusikia watu wakiieleza miaka hiyo kama miaka ya aibu. Kwangu ndiyo miaka ambayo Arusha ilijifunza kuamini kipimo, kwa sababu kitu ulichokichonga mwenyewe hakina boksi la kukutetea.

Bajeti ya 1984 ilifungua mlango. Watu waliruhusiwa kuagiza bidhaa kwa fedha zao za kigeni bila kuulizwa wamezipata wapi, na kitu cha kwanza ambacho barabara za kaskazini zilikiona ni pikapu za Kijapani. Mwaka uliofuata Mzee Mwinyi akawa rais, na ruksa ikaenea. Hilux za kuvuta kwa magurudumu manne, zilizoanza kutengenezwa mwaka 1979, zikawa gari la mfanyabiashara wa soko la Kilombero, la mnunuzi wa ng'ombe wa Longido, la mwenye shimo Mererani aliyekuwa akiwapeleka wanaapolo, wachimbaji wake, kwenye tanzanite. Zilikuwa tamu kuendesha, hazikunywa mafuta mengi, na hazikuvuja. Wenye Land Rover walianza kuuza.

Ila chini ya Hilux kulikuwa na mpango mwingine wa chuma. Hafushafti yake inazungusha na inabeba. Hakuna stabu ekseli ya kupokea uzito. Kuna beringi moja kila upande, imekaa kwenye hafushafti yenyewe, na nyuma yake kuna ile kola. Gari likikata kona kwa kasi, nguvu ya pembeni inajaribu kuivuta shafti itoke. Likipiga shimo, inajaribu kuipinda. Kwa mzigo liliotengenezewa, mpango huo ni mzuri na mwepesi. Hapa lilipewa mzigo mwingine. Nimeona Hilux ikitoka mnadani ikiwa na mbuzi, wenye mbuzi, na magunia, na juu ya magunia watu tena.

Beringi zikaanza kulia. Dereva huja na kusema hivyo hivyo.

"Shikamoo fundi. Nyuma kunalia."

"Marahaba. Kunalia ukikata kulia au ukikata kushoto?"

Swali hilo ndilo la kwanza, kwa sababu ukikata kulia uzito unahamia kushoto, na beringi ya kushoto inapaza sauti. Kwenye lami ya Usa River unaisikia wazi. Kwenye rasta za Makuyuni za enzi zile, kabla ya lami kufika lango la Ngorongoro mwanzoni mwa miaka ya 2000, hakuna aliyesikia kitu mpaka moshi.

Mwanzoni watu walitumia nyundo waliyoizoea kwenye Land Rover. Waliweka beringi mpya juu ya shafti, wakaweka bomba, wakapiga. Wengi walipiga bomba lililoegemea pete ya nje kwa sababu ndiyo kubwa na inaonekana. Hapo nguvu yote inapita kwenye gololi. Kila pigo linaacha alama ndogo kwenye njia ya gololi, huioni kwa macho, lakini kila gololi inapopita juu ya alama inagonga, na kila ikigonga inaichimba zaidi. Beringi iliyopigwa nyundo hailii siku hiyo. Inalia Mto wa Mbu, na inakufa Karatu. Mzee wangu alikuwa na hasira na jambo hili kuliko na wizi. Alikuwa akisema mwizi amechukua mali ya mtu mmoja; huyu mwenye nyundo amewapakia watu wote ndani ya gari kifo na kuwaomba nauli.

Hapo ndipo presi ilipozaliwa mtaani. Fremu ilitengenezwa kwa chaneli za chasisi ya lori, vipande viwili vya kusimama na viwili vya kulala, vimetobolewa matundu ili meza ipande na kushuka. Katikati ikawekwa jeki ya chupa ya tani 20, ikifungwa springi mbili za kitanda za kuirudisha. Sijui mhandisi gani angeikubali, lakini fremu niliyoanza nayo bado imenyooka. Ukiisukuma, mkono unausikia mbano ukianza. Beringi inaingia kwa ugumu ule ule kutoka mwanzo mpaka mwisho. Ikiingia kirahisi kisha ikagoma, kuna takataka au mkwaruzo. Ikigoma kisha ikaachia ghafla, shafti imeliwa, na mtu wa kweli anasimamisha kazi hapo hapo.

Kola ya zamani hatuitoi kwa kuivuta. Unaisaga kwa grenda upande mmoja mpaka ibaki ngozi nyembamba, halafu tindo, pigo moja au mawili, nayo inapasuka na kuteleza yenyewe. Grenda ikizama ikaigusa shafti, shafti imepata jeraha, na hapo ndipo ufa utakapoanza siku moja. Ndiyo maana sipendi kuona kijana akisaga huku akiongea. Wengine huichoma kwa gesi mpaka iwe nyekundu idondoke. Inadondoka kweli, na ugumu wa shafti unadondoka nayo, kwa sababu joto halijui pa kuishia.

Kisha kuna mpangilio. Kabla ya beringi lazima zipite sahani ya breki, nyumba ya beringi na sili yake. Kwenye magari ya karibuni kuna pia pete ya meno ya kihisi cha breki. Ukisahau kimoja, kola mpya imekwisha, kwa sababu kola haitumiki mara mbili. Ikishaingia imeshanyooshwa, ukiitoa na kuirudisha itashika, lakini haitashika kwa nguvu ile. Wateja wengi hunibembeleza niirudishe. "Fundi, ni pete tu, mbona nzima?" Nimepoteza wateja kwa jibu langu na sijutii hata mmoja.

Moto tunautumia, ila kwa hesabu. Chuma huongezeka kama sehemu 12 kwa milioni kwa kila nyuzi moja ya joto. Tundu la milimita 40 likipashwa nyuzi 80 zaidi ya joto la kawaida linapanuka karibu mia nne za milimita, na hapo sehemu kubwa ya mbano imelegea kwa muda. Kola inashuka kwa kusukumwa kidogo tu, kisha inapoa na kushika. Hesabu hiyo kijana yeyote wa chuo anaijua. Mzee wangu hakuijua kwa namba, alikuwa akichemsha beringi kwenye sufuria ya oili juu ya jiko la mkaa na kuitoa kwa waya. Beringi haitakiwi kuvuka nyuzi 120 hivi. Ukiona chuma kimeanza kuwa na rangi ya majani makavu, umeshavuka 200, umeipika, na kilichobaki ni kuitupa. Mzee alizitupa mbele ya mteja, na kumlipa.

Baada ya Hilux zilikuja nyingine za namna hiyo, Noah zile za kwanza zenye mhimili wa nyuma mzima, zinazobeba watu kwenda Ngaramtoni, Monduli na Longido. Kwa ujumla wa miaka, Noah zimenipa kazi nyingi zaidi ya presi kuliko watalii wote. Nalisema hili kwa sababu ukizungumza magari ya njia mbaya watu wanafikiria mzungu mwenye kamera, wakati aliyekaa juu ya beringi iliyochoka ni mama anayekwenda kliniki.

Magari ya watalii yenyewe yaliifuata Land Cruiser ya mfululizo wa 70, iliyoanza mwaka 1984, hasa ilipopata injini ya dizeli ya 1HZ mwaka 1990. Waunda bodi wa Arusha, Hanspaul wakiwa wanaojulikana zaidi, walikata chasisi, wakairefusha, wakaongeza safu ya viti na paa la kuinuka. Toyota hiyo ndefu ilirudi kwenye busara ya Land Rover: mhimili wa nyuma usioiachia hafushafti uzito. Kola ya Hilux haimo. Mbano umehamia ndani ya habu, kwenye vikombe vya beringi, na vikombe navyo vina sheria yao: vinaingia kwa kugongwa sawasawa kwa shaba, na sauti ya nyundo hubadilika kuwa nzito vinapofika chini. Fundi asiyesikia mabadiliko hayo ataacha kikombe kimesimama upande, na atakaza nati juu ya uongo.

Sasa yamekuja maboresho. Hafushafti za chuma chenye nikeli, kromu na molibdeni, kile cha 4340, zinaagizwa kwa ajili ya Land Rover na Toyota zilizofungwa matairi makubwa, tangi la pili la mafuta, kambi nzima juu ya paa. Ni chuma kizuri sana. Kinajipinda na kurudi pale ambapo cha zamani kingekatika. Lakini nguvu haipotei, inahama. Shafti isiyokatika inapeleka pigo kwenye meno ya difu, na kwenye zile zinazobeba, inalipeleka kwenye beringi na kola. Mwenye gari ametumia fedha nyingi kwenye shafti, halafu ananiletea beringi ya bei ya chini yenye boksi la jina kubwa lililochapwa vibaya. Na kalio la beringi, yaani pale inapokaa kwenye shafti mpya, si lazima lifanane na la kiwandani; linatofautiana kwa mia moja au mbili, na hizo ndizo zote tulizonazo. Kwa hiyo napima kila shafti, hata ikija na cheti. Nikikuta mbano haufiki, siweki gundi, sipigi pointi za senta ili kuikuza kwa makovu, jambo ambalo mtaani bado lipo. Narudisha. Mbano ukizidi ni mbaya vilevile: pete ya ndani inapanuka, inazinyima gololi nafasi yake, na beringi inakwenda ikiwa moto tangu kilomita ya kwanza.

Oktoba 2024 mji ulijaa Land Rover. Liliandaliwa tamasha lake hapa Arusha, nia ikiwa kuipita rekodi ya msafara wa Ujerumani wa 2018, magari 632. Nilisimama kando ya barabara na wazee wenzangu wa kazi, tukawa tunayatambua kwa mlio wa difu kabla hayajafika. Magari yalipigwa picha na wenye nayo wakapewa maikrofoni. Nilifurahi sana siku hiyo, na nilitamani kipaza sauti kimoja kingeletwa upande wetu, kwa sababu gari lililotengenezwa Solihull miaka ya 1960 halitembei Sokoine Road mwaka 2024 kwa uzuri wa chuma cha Kiingereza pekee. Pete zake zimechongwa Unga Limited, Kaloleni, Ngarenaro.

Siku hizi wapo wanaobadilisha Land Cruiser za watalii kuwa za umeme hapa hapa Arusha. Zinaingia hifadhini bila kelele. Betri zina uzito, na mota haichukui muda kukusanya nguvu, inaitoa yote tangu gurudumu likiwa limesimama. Mhimili ni ule ule. Vijana wawili waliotoka chuo, ambao wako nami sasa, wameanza kuandika daftari: gari gani, kalio la shafti lilipima ngapi, kola ilipima ngapi, presi ilisoma tani ngapi, limerudi baada ya muda gani. Enzi zetu hatukuandika. Yote niliyoyasema hapa kuhusu Singasinga na mzee wangu yamo kichwani tu.

Ndani ya boma la Wajerumani, ambalo ujenzi wake ulianza mwaka 1899, kuna makumbusho ya viumbe. Ningependa walio na mamlaka watenge meza moja kwa ajili ya chuma. Vitu nimeshaviweka kando: hafushafti ya 109 yenye meno yaliyojipinda, pete ya stabu ekseli iliyokatwa mfereji na magadi, kola ya Hilux iliyopasuliwa kwa tindo, beringi iliyofunguliwa ionyeshe alama za nyundo kwenye njia ya gololi, na ile fremu ya chaneli za lori pamoja na jeki yake, inayofanya kazi mpaka leo. Fremu nitaitoa mpya ikishafungwa. Vingine vinaweza kuchukuliwa hata kesho, vimeandikwa majina kwa rangi nyeupe.